Uzi: Staa mbele anachezesha mdomo, sauti iko nyuma ya pazia. Haya maigizo ya muziki tunayapeleka wapi?

#1 FundiSpika_Nkuhungu

Mbukwenyi wadau. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu. Hili jambo nimekaa nalo toka mwezi uliopita na limegoma kunitoka kifuani.

Mi ni fundi sauti hapa Dodoma, napiga kazi za kwaya, harusi, mikutano, na ikitokea shoo ya jukwaani ndo furaha yangu mana maigizo ya muziki nayapenda kuliko kitu chochote, ninazo rekodi za Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya New York, na za London nazisikiliza usiku kwa hedifoni wakati nyumba nzima imelala. Sasa tukapata kazi, igizo la hapa hapa kwetu, stori ya binti wa Kigogo mwaka wa njaa, limeandikwa vizuri sana, nyimbo zingine Kiswahili zingine Cigogo, muheme upo, zile ngoma za akina mama, zeze ipo, ilimba ipo, ile ya boksi yenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba. Siku ya kwanza naiwekea ilimba maiki nikasikia inakoroma nikadhani spika imechanika, nikaifungua nyuma naangalia, kumbe ni ule utando wa buibui wanaoubandika kwenye tundu la boksi ili sauti ivume. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Mhusika mkuu kwenye mazoezi alikuwa dada mmoja wa kwaya kutoka upande wa Chamwino. Ile sauti wakuu haikuhitaji maiki. Akifika kwenye wimbo wa kuomba mvua wale mama wa muheme walikuwa wanasahau kupiga, mikono imebaki juu ya ngoma.

Zimebaki wiki mbili tunaambiwa nafasi imebadilishwa. Ameletwa binti kutoka Dar mwenye wafuasi wengi mtandaoni, bango likachapwa upya. Cigogo hajui hata salamu. Kii ya wimbo ikashushwa mara mbili bado hafiki. Suluhisho walilokuja nalo ni hili: dada wa Chamwino akawekwa nyuma ya pazia jeusi mkono wa kushoto, kiti cha plastiki, maiki ya waya, aimbe yeye, na staa mbele achezeshe mdomo. Ukumbi ulisimama kupiga makofi. Mi kutoka kwenye miksa nilikuwa namwona kwa pembeni, makofi yanalia yeye anainama anachukua chupa ya maji anakunywa, anasubiri wimbo unaofuata.

Na hao wakubwa tunaowaiga sioni kama wana nafuu. Igizo la Chicago linachezwa Broadway toka 1996 na kila msimu linaleta uso mpya wenye jina, Usher kapita pale 2006, Pamela Anderson 2022. Mwaka 2025 London wakamweka Rachel Zegler, staa wa filamu, kwenye igizo la Evita, wimbo mkubwa kuliko yote akautoa kwenye roshani nje ya ukumbi wa Palladium, watu wa barabarani wakamwona bure na waliolipa tiketi wako ndani wanaangalia kwenye skrini. Yeye angalau anaimba kwa koo lake.

Swali langu ni hili, igizo la muziki linauza jina au linauza sauti? Nawasilisha.

#2 Karanga_za_Sabasaba

Ngoja nikae hapa mbele.

#3 MamaTiketi_AreaC

Mleta uzi pole, ila na sisi tunaotoa hela mtusikilize. Nimeandaa shoo tatu hapa mjini, mbili nimekula hasara. Ukumbi unalipia nusu kabla hujauza hata tiketi moja, unakodi jenereta mana umeme ukikatika katikati ya wimbo nani atarudisha hela za watu, kuna mavazi, nauli, chai na maandazi ya watu 30 kila siku ya mazoezi kwa wiki sita. Ukimpelekea mdhamini skripti haifungui. Anauliza kitu kimoja, kwenye bango yuko nani? Nikimwambia kuna dada wa kwaya ana sauti ya ajabu ananiambia ntakupigia, na hapigi.

Af msitake kuniambia sauti peke yake inajaza viti. Igizo la Tammy Faye muziki kaandika Elton John, na mhusika mkuu Katie Brayben alichukua tuzo ya Olivier London kwa nafasi hiyo hiyo. Wakaivusha bahari, ikafunguliwa Broadway Novemba 2024, Desemba ikafungwa, shoo 29 tu baada ya ufunguzi rasmi. Yule dada anaimba kweli kweli. Watu wa New York hawamjui, hawakuja. Hiyo hela ikipotea haipotei ya msanii, inapotea ya aliyekopa.

#4 FundiSpika_Nkuhungu

Mama Tiketi nakuheshimu, ila Brayben alipokosa watu alikosa akiwa mbele, taa iko usoni kwake na jina lake limeandikwa. Hakuna aliyemficha. Mi sijakataa hasara.

Na nikupe mfano wa upande wa pili. Phantom of the Opera ilifunguliwa Broadway Januari 1988 ikafungwa Aprili 2023, shoo 13,981. Mhusika mkuu uso wake nusu umefunikwa na barakoa! Wamepita wanaume wengi sana ndani ya ile barakoa na ukumbi ulikuwa unajaa, watu walifuata muziki na ile taa kubwa ya dari inayoshuka. Uso haukuuza kitu pale, igizo limeuza miaka 35 huku uso umefichwa.

#5 MsomiWaChimwaga

Wote wawili mnasimulia nusu. Chukueni igizo la Funny Girl, Broadway 2022. Walianza na Beanie Feldstein, watu wakalalamika sauti haizibebi zile nyimbo, mwisho wa Julai akaondoka. Septemba akaingia Lea Michele, jina analo na sauti anayo, tiketi zikapanda. Mama Tiketi ataishia hapo, atasema mnaona, jina.

Ila Agosti nzima nani aliibeba? Julie Benko, mchezaji wa akiba. Alikuwa amekaa benchi, akaitwa, akaimba, watu wakaanza kumfuata yeye, na Lea alipokuja hawakumrudisha benchi wakamwacha akabaki na Alhamisi usiku. Watu wakawa wananunua tiketi ya Alhamisi makusudi ili wamwone wa akiba.

Kwaiyo hapa kwetu ilikuwa inawezekana kabisa. Staa acheze Ijumaa na Jumamosi kwa ajili ya mdhamini. Alhamisi mpeni dada wa Chamwino, bei ipungue kidogo, jina lake liandikwe kwenye bango herufi zile zile. Hamna aliyepoteza. Kilichofanyika ni kuchukua mali ya mtu kuivalisha mtu mwingine, na hilo haliitwi biashara.

#6 Mzee_wa_Makole

Vijana mnaongea kama hili jambo limeanza na simu zenu.

Sisi tumekua na maigizo ya biashara. Miaka ya 90 kulikuwa na kundi la TOT, Tanzania One Theatre, lilianza 1992 chini ya Kapteni John Komba, na kulikuwa na kundi la Muungano, ukilipa kiingilio kimoja unapata kwaya, ngoma, ngonjera, mchezo wa kuigiza, sarakasi, taarab ya kumalizia, unarudi nyumbani usiku wa manane viatu mkononi. Hiyo ilikuwa ni nini kama siyo igizo la muziki? Na usajili ulikuwepo, mwimbaji anavutwa huku, wale wanamrudisha, kama Simba na Yanga tu. Lakini alikuwa anavutwa kwa sababu jana yake ameimba na watu wamelia. Jina lilizaliwa jukwaani. Huyu wa sasa jina limezaliwa kwingine, mnalibeba mnalileta jukwaani, halafu mnashangaa magoti yanatetemeka.

Na niwaulize kitu watu wa Dodoma. Mathias Mnyampala mnamjua? Mgogo wa hapa hapa, kazaliwa 1917. Ngonjera yeye ndiye aliyeisimamisha, watu wawili mbele ya hadhira wanabishana kwa mashairi, mmoja hajui, mwenzake anamfundisha, mpaka mwisho wanapatana. Baada ya Azimio la Arusha zilienda shule zote, sisi tulizisema tumesimama juani mbele ya mkuu wa wilaya na hakuna maiki. Ukikosea mzani darasa zima linajua. Mtu mwenye wafuasi milioni umpe ubeti wa ngonjera bila karatasi uone.

Mzee Hukwe Zawose naye, katoka vijiji vya huku, ilimba yake ikasikika Ulaya mpaka Japani. Nani alimuuliza idadi ya wafuasi?

#7 Karanga_za_Sabasaba

Mzee shikamoo. Hapo kwenye viatu mkononi umenikumbusha marehemu baba.

#8 Mrangi_wa_Kondoa

Mi nina swali lingine na naomba msinirukie. Mleta uzi amesema binti hajui Cigogo. Nikija mimi Mrangi na sauti nzuri mtanipa nafasi ya Mgogo au mtasema sifai kwa sababu ya kabila? Mana nikiona hoja inaelekea huko najisikia vibaya. Nimezaliwa Kondoa, nimesoma Dodoma mjini, ngoma ya nindo naijua kuliko Wagogo wengi waliokulia Area D.

Hamilton ilipofunguliwa Broadway 2015 waasisi wa Marekani ambao kwenye historia ni wazungu watupu walichezwa na weusi na Walatino, Lin-Manuel Miranda alifanya makusudi, na 2016 ikabeba tuzo 11 za Tony, zile za maigizo ya Broadway. Mngekuwa nyie mngesema hapana, huyu hafanani.

#9 MsomiWaChimwaga

Mrangi swali lako ni zuri kuliko yote humu na halina jibu la mstari mmoja.

Maybe Happy Ending unaijua? Stori ya roboti wawili wamestaafu wanaishi Seoul. Ilianzia Korea Kusini 2016 kwa Kikorea, ikaenda Broadway Novemba 2024, Juni 2025 ikachukua Tony 6 pamoja na igizo bora la muziki, na Darren Criss akachukua ya mwigizaji bora, mama yake ni Mfilipino. Mwezi uliofuata wakatangaza Criss anapumzika wiki tisa na atakayeshika nafasi ni Andrew Barth Feldman, mzungu. Waigizaji wa asili ya Asia waliwaka. Walisema sisi nafasi kama hii tunaipata mara moja kwa miaka mingi, na hiyo moja nayo mnaitoa? Wengine wakajibu roboti hana kabila.

Na siyo mara ya kwanza. Mwaka 1990 ilikuwa Miss Saigon, Jonathan Pryce mzungu wa Wales alicheza London mtu aliyechanganya damu ya Kivietinamu, mwanzoni wakimpaka na kumbandika macho, chama cha waigizaji New York kikakataa asije, promota akatangaza kufuta shoo nzima, chama kikarudi nyuma. Miaka 35 hapo katikati na ugomvi ni ule ule.

Mi naona hivi. Hamilton ilifungua mlango kwa watu waliokuwa nje. Hii ya roboti inamtoa aliyekuwa ndani kwa shida. Wewe Mrangi ukija na sauti na ukajifunza Cigogo mpaka bibi wa Mvumi akuelewe, nani atakukataa? Lakini kama Wagogo kumi wamekuja kwenye usaili wa igizo la Kigogo na wote wakarudishwa bila kusikilizwa, hapo lazima tuulize.

#10 Mrangi_wa_Kondoa

Nimekupata. Cigogo najua, usijali.

#11 NilirudiNaBaridi

Nilisoma Uingereza mwaka mmoja, nikajinyima nikaenda kuangalia igizo la The Lion King pale ukumbi wa Lyceum London, liko pale toka 1999. Nilikaa juu kabisa karibu na dari, tiketi ya mwanafunzi. Taa zinazimwa, inatoka sauti moja ya mwanamke, inaita, nyingine inaitikia kutoka upande wa pili wa ukumbi, halafu wanyama wanaanza kupita katikati ya viti, tembo anapita pembeni ya watu wenye makoti, twiga ni mtu mmoja ametembea kwa magongo mikono na miguu, unamwona mtu na unamwona twiga, vyote kwa pamoja. Nililia. Wazungu wa pembeni wakadhani naumwa.

Ila baadae nikiwa kwenye basi nikaanza kufikiri. Simba ni neno letu. Rafiki letu. Ile methali yao ya hakuna matata ni yetu. Lakini ile sauti ya mwanzo ni Kizulu, kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini, na kila inapochezwa duniani wanahakikisha kuna waimbaji wa Afrika Kusini ndani. Wale walikuwa na mtu mezani wakati kazi inaandikwa. Sisi tulitoa majina ya wanyama.

Ndo mana huu uzi umeniuma. Tunayo ilimba, tunao wale mama wa muheme ngoma iko kati ya mapaja wanaimba sauti nne bila noti, tamasha la muziki wa Kigogo linafanyika Chamwino pale na wageni wanatoka mbali kuja kusikiliza, halafu sisi wenyewe tukipata jukwaa tunaweka pazia jeusi mbele ya hiyo sauti.

#12 MamaTiketi_AreaC

Hapo nimekaa kimya kidogo. Ila swali la hela bado halijajibiwa.

#13 SautiYaPili_Chamwino

Mdogo wangu kanitumia huu uzi. Mimi ndiye wa kiti cha plastiki.

Kwanza yule binti wa Dar muacheni. Hakuambiwa kuna kuimba, aliambiwa ni igizo. Amefika hapa anapewa nyimbo tisa. Siku ya pili alinifuata nyuma ya ukumbi akaniambia dada nifundishe hata salamu nisiwaaibishe wazazi wako, tukakaa kwenye ndoo mimi na yeye, mbukwa, mbukwa, mpaka akaweza. Maneno ya igizo lote alikariri siku nne. Mimi nilichukua wiki tatu.

Pili dairekta hakunitoa kwa uonevu tu. Aliniambia dada ukiimba unasimama kama uko kanisani, mikono mbele, macho kwa mwalimu. Ni kweli. Miaka 14 ya kwaya ndivyo nilivyofundishwa. Kwenye igizo unatakiwa uimbe huku unatwanga, unaimba unamkimbilia mtoto, unaimba umempa watu mgongo. Mimi nikitembea pumzi inakatika. Hilo linafundishika lakini hakuna aliyenifundisha, ilionekana rahisi kuniwekea kiti.

Nililipwa elfu hamsini. Nilinunua mahindi debe na nauli.

Tatu ni wewe fundi. Umeandika vizuri na umenililia sana humu. Ila wiki sita ulikuwa unaniambia dada sogea, dada rudi nyuma kidogo, na hujawahi kuniuliza jina. Nilipita kwenye miksa yako siku ya mwisho. Kila mtu umemwandika kwenye ule utepe mweupe, zeze, muheme 1, muheme 2, staa. Wangu uliandika PAZIA.

#14 Karanga_za_Sabasaba

Duh.

#15 FundiSpika_Nkuhungu

Dada umesema kweli na sina pa kujificha. Nimetoka kibandani sasa hivi nimeenda kuangalia, utepe bado upo, sijaubandua, mwandiko ni wangu. Nilijiambia mi ni fundi tu, mambo ya nafasi siyo yangu, nikarekebisha sauti yako vizuri kabisa ili mdomo wa mwingine uendane nayo. Niliongeza hata mwangwi kidogo ili isijulikane inatoka pembeni. Hiyo kazi niliifanya kwa ufundi wote nilionao. Nisamehe.

Jina lako nimelipata kwa mdogo wako, silitaji humu bila ruhusa yako.

Hilo la pumzi naweza kusaidia upande wangu. Ile maiki ndogo ya kubandika karibu na nywele ninayo moja, haina waya, ukiwa nayo unatwanga unakimbia na huhitaji kuipigia kelele. Muheme nitaziweka nyuma yako siyo pembeni, mana pembeni zinaingia kwenye maiki yako na mimi inabidi nikupunguze. Na kuna dada mmoja anafundisha wanafunzi wa sanaa jukwaani pale chuoni, kaniambia Jumamosi asubuhi yuko huru.

#16 Mzee_wa_Makole

Binti, ukikubali nitakuja na ngonjera moja mfanyie mazoezi ya kutembea. Tulikuwa tunafundishwa hivyo, beti moja hatua nne, unageuka kwenye kituo. Pumzi inajipanga yenyewe.

#17 SautiYaPili_Chamwino

Jumamosi niko sokoni mpaka saa nne. Baada ya hapo nitakuja. Shikamoo mzee.

#18 MamaTiketi_AreaC

Haya nimesoma yote. Siahidi kitu nisichoweza. Ukumbi mdogo ule wa viti 200 siku ya Alhamisi bei yake iko chini na mwenyewe tunaheshimiana. Mdhamini sitamtafuta mana jibu lake nalijua. Nikipata watu 120 waliolipa kabla kwa simu, elfu kumi kumi, nalipa ukumbi, jenereta na wapiga ngoma, na dada analipwa kama mhusika mkuu siyo elfu hamsini. Wakipungua 120 narudisha hela ya kila mtu na sitaki lawama. Nikishaongea na mwandishi wa igizo akakubali ntaweka namba kwenye uzi mpya. Kwa sasa andikeni idadi tu.

#19 Mrangi_wa_Kondoa

Watatu. Na usaili wa wahusika wengine ni lini?

#20 NilirudiNaBaridi

Wanne, nakuja na watoto.

#21 Mzee_wa_Makole

Viti viwili. Mke wangu hapandi ngazi, tuwekeni chini karibu na mlango.